Mkasi Katikati ya Mama

Kidole gumba ndicho nilichokiona kwanza. Katika picha ya kulia ncha yake inachungulia nyuma ya kikombe. Katika picha ya kushoto haipo, kikombe kimeifunika. Nilikuwa mdogo, nimekaa sakafuni kwenye chumba cha nyuma cha studio ya Baba, nikamwambia, "Huyu mama ana kidole, huyu hana." Baba aliacha alichokuwa akikifanya, akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani, akasema, "Umeona mwenyewe? Basi njoo."

Akanipa kitazamio. Ndivyo tulivyokiita nyumbani. Ni kifaa cha zamani cha mbao, kina mpini chini, kina lenzi mbili za kuwekea macho, na mbele kina reli ya kushikilia kadi. Kadi yenyewe ina picha mbili zilizobandikwa ubavu kwa ubavu, na asiyejua ataapa kwamba ni picha moja iliyosafishwa mara mbili. Sio. Zimepigwa kwa pamoja na kamera yenye macho mawili, kila jicho likaona kwa upande wake, kama macho yetu yanavyoona. Ukizitazama kwa kitazamio, ukatulia, zinasogeleana, zinakutana, na picha inaacha kuwa bapa. Ukuta unarudi nyuma. Mlango unajitenga na ukuta. Na mama, aliyesimama mlangoni akimpa mpiga picha kikombe cha chai, mkono wake unatoka kwenye karatasi unakujia usoni. Kila aliyeitazama kadi ile kwa mara ya kwanza alirudisha kichwa nyuma.

Mama alifariki nikiwa sijaanza kutembea. Watu wakiniambia alikuwa mrefu, alikuwa mcheshi, alikuwa haishiwi maneno, naitikia tu, kama mtu anayesimuliwa habari za jirani aliyehama. Mama niliyemjua mimi ni yule wa kwenye kitazamio, na yule nilimjua vizuri. Nilijua kwamba kifungo cha pili cha blauzi yake hakilingani na vingine. Nilijua kwamba amejizuia kucheka.

Shule ya msingi sikuimaliza. Baba alianza kuugua, akahitaji mtu wa kukaa naye studio, na Kaka alikuwa ameshaoa na ana kazi yake ya kuuza matairi upande mwingine wa mji. Nikabaki mimi. Nilifuta lenzi, nilibandika kadi zilizobanduka, nilizungusha pipa la farasi wakija watoto. Hilo ni pipa dogo lenye nyufa nyembamba ubavuni. Ndani unaweka ukanda uliochorwa farasi, unalizungusha, unachungulia kwenye nyufa, na farasi anakimbia. Baba alipenda sana vitu hivyo vya zamani vya kuchezea macho. Aliachiwa na mzee aliyemfundisha kazi, naye akaviweka vikiwa vizima mpaka siku aliyokufa.

Baada ya mazishi, mwenye nyumba alitaka chumba chake, na Shangazi, dada yake Baba, akaja kugawa vitu.

Shangazi ni fundi cherehani, na mtaa mzima unajua mkasi wake. Ni mkasi mzito wa kukatia vitambaa, hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuushika, na kuukatia karatasi ni kosa ambalo nilichapwa kwalo utotoni. Karatasi inaua makali, ndivyo anavyosema. Siku ile aliutoa kwenye mkoba, akauweka mezani mbele ya Kaka, akasema, "Leo nautoa mhanga. Kwa ajili ya kaka yangu."

Mimi nilikuwa natoka jikoni na sinia la chai.

Vitu vikubwa vilikwisha kugawanywa. Kaka alipewa pipa la farasi na ile taa kubwa ya kurusha picha ukutani. Mimi nilipewa kitazamio, kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Zilibaki kadi, na kadi ya mama ndiyo ilikuwa juu.

"Baba yenu alikuwa na akili," Shangazi alisema, akaiinua. "Tazama. Kila picha aliisafisha mbili mbili, akazibandika pamoja. Alijua iko siku mtagawana. Hakuna wa kununa hapa. Huyu moja, huyu moja."

Mimi watu wa nyumbani wananiita Kimya. Maneno huwa ninayo, yanakuja yote, yanafika kooni, yanasubiri zamu, na zamu haifiki. Lakini siku ile nilisema. Nilisimama na lile sinia nikasema, "Shangazi, hizo hazifanani."

Akanitazama juu ya miwani. "Nini?"

"Hazifanani. Zinakwenda pamoja. Usizikate."

"Kimya leo ana maneno," akasema, na akacheka, si kwa ubaya. Akamgeukia Kaka, akampa kadi. "Haya wewe mkubwa. Zinafanana, hazifanani?"

Kaka aligeuza shingo kama kuku, jinsi anavyofanya siku zote akitazama kitu cha karibu. Jicho lake la kulia lilipigwa na jiwe la manati akiwa mtoto, kabla sijazaliwa, na tangu hapo anatumia la kushoto. Tumemzoea hivyo, hakuna anayeliona tena. Aliitazama kadi muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akanitazama mimi. Kisha akasema, "Zinafanana."

"Umesikia?" Shangazi akasema. "Weka chai hapo, mwanangu, inapoa."

Mkasi ulipita kati ya mama na mama kwa mlio mmoja mkavu. Shangazi anakata sawasawa, hilo siwezi kumnyima. Alinipa ya kushoto. Ya kulia akampa Kaka. Kisha akachukua kadi nyingine, na nyingine, zote, barabara na maduka na watu waliovaa nguo zao nzuri, anakata huku anasimulia jinsi Baba alivyokuwa mtoto, na akimaliza kila moja anasema, "Moja kwako, moja kwako." Aliona raha. Aliona anatenda haki.

Mimi niliweka sinia, nikaenda jikoni, nikasugua sufuria lililokuwa safi.

Siku zilizofuata nilikuwa natembea na nusu yangu mfukoni mwa gauni. Mama asiye na kidole. Niliiweka peke yake kwenye kitazamio: jicho moja linaona mama, jicho la pili linaona ukuta wa chumba changu. Mkono haukutoka. Ulilala pale kwenye karatasi kama mkono wa picha ya tangazo. Ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa na huzuni. Huzuni naijua, nilikuwa nayo kwa Baba, inakulaza. Hii ilikuwa inaniamsha, inanitembeza chumbani, inanifanya nikunje nguo zilizokwisha kukunjwa.

Nikaenda kwa Shangazi. Alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni, anaingiza zipu kwenye sketi ya mtu.

"Nimekuja kuhusu picha ya mama," nikasema.

"Imefanyaje?"

"Naomba umwambie Kaka anirudishie ile yake. Nitampa zote nyingine."

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake cha mkononi. "Yaani uwe na mbili na yeye asiwe na hata moja? Sikiliza, mwanangu. Nimekata vitambaa vya mabibi harusi na mashemeji zao wamenisimamia kichwani, na sijawahi kupendelea mtu hata kwa upana wa uzi. Nisije nikaanza na watoto wa kaka yangu."

"Zikiwa mbali hazioni, Shangazi."

"Picha inaona?" Akaniangalia kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko angenitukana. "Nenda kalale. Umechoka kuuguza. Na hata hivyo umechelewa, ameshaipeleka kwa fundi wa fremu."

Nilikwenda kwa fundi wa fremu moja kwa moja, kwa miguu, na njiani sikumsalimia mtu.

Kibanda chake kina vipande vya vioo kila upande, kwa hiyo ukiingia unajikuta umekatwakatwa. Nilijiona sikio hapa, kiwiko kule. Fundi alikuwa ameinamia meza, misumari midogo midomoni, na mbele yake ilikuwa nusu ya kulia ya mama. Pembeni kulikuwa na kikopo cha gundi na brashi nyembamba yenye rangi nyekundu.

"Karibu, binti wa marehemu," alisema akiwa na misumari yake. "Kaka yako ana kazi nzuri hapa. Anataka nimkate mama kwenye duara la yai, ubaki uso tu, huu mkono hauna maana. Halafu nimpake rangi kidogo midomoni, maana amefifia. Atang'aa."

"Usimguse."

Alinyanyua kichwa. Mtu aliyekuwa nje akichagua fremu naye akageuka. Mimi mwenyewe nilijisikia kama ni mwingine aliyesema.

"Kumbe una sauti," fundi akasema, akatema misumari kiganjani. "Miaka yote hiyo napita studio kwenu nadhani umefungwa mdomo. Nisimguse kwa nini?"

"Mkono ndio picha yenyewe. Ukiukata umeniua. Naomba hiyo picha."

"Hapo sasa. Aliyeleta ndiye anayechukua. Nikikupa wewe leo, kesho watu wanakuja kudai picha za wake za wenzao." Aliona sikucheka, akaacha. Akanitazama vizuri. Akakifunika kikopo cha gundi. "Tufanye hivi. Simkati, simpaki rangi, na gundi sitii. Nitambana na vikadi tu nyuma ya kioo, mtu akitaka kumtoa atamtoa mzima. Kaka yako nitamwambia rangi imeniishia. Mengine nyinyi ndugu mtajuana."

Nilimshukuru. Ndiye mtu pekee katika jambo hili lote aliyenisikia mara ya kwanza nilipoongea.

Nikangoja mpaka Kaka awe nyumbani mapumziko, nikachukua nusu yangu na kitazamio, nikaenda.

Wifi ndiye aliyenifungulia, mtoto kiunoni. "Karibu, wifi. Leo umekosea njia?" Akaniongoza sebuleni. Kitu cha kwanza nilichokutana nacho mlangoni kilikuwa pipa la farasi. Limejaa vibanio vya nguo. Ukanda wa farasi haukuwemo.

"Farasi yuko wapi?" nikauliza.

"Farasi gani? Ah, ile karatasi? Mtoto ameila nusu, nyingine nimetupa. Lakini pipa zuri, upepo unapita, vibanio havipati kutu."

Nilimpita. Nilijua nikifungua mdomo kwa ajili ya farasi hakitabaki kitu kwa ajili ya mama.

Kaka alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Ukutani, juu ya kichwa chake, pembeni ya kalenda ya duka la matairi, mama alikuwa ameninginia ndani ya fremu ya dhahabu ya kujifanya, na kikombe chake mkononi.

"Umekuja na hilo dude la Baba," Kaka alisema.

"Nimekuja kuomba picha."

"Una yako."

"Yangu haina kidole."

Wifi akaangua kicheko kutoka upande wa nguo alizokuwa anakunja. "Kidole tena. Mama mkwe uso wote ule umejaa ukutani, wewe wifi unatafuta kidole."

"Mwache," Kaka akasema, ila na yeye alikuwa anatabasamu. "Kimya, Shangazi ameniambia. Fundi wa fremu ameniambia. Mji mzima unaniambia habari za kidole. Unataka nini hasa?"

"Itoe kwenye fremu. Ziweke pamoja uzione."

"Nikizitoa, nikakuonyesha ni sawa, utaniacha nipumzike?"

"Nitakuacha."

Akainuka, akateremsha fremu, akafungua mgongo wake kwa kisu cha mezani. Fundi alikuwa mkweli, mama alitoka mzima. Kaka akaziweka nusu mbili mezani, akageuza shingo yake, akaanza kuonyesha kwa kidole kama anayesomesha chekechea. "Mlango, mlango. Kikombe, kikombe. Mama, mama."

"Kidole gumba," nikasema.

Akainama. "Sawa," akasema. "Kidole. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haziwezi kuwa moja kwangu, moja kwako. Tazama na kitazamio ukumbuke."

"Nilishatazama utotoni. Naijua."

"Tazama tena."

Akapumua kwa nguvu ili nijue ninamsumbua, akakinyanyua kitazamio. Nilisimama upande wake wa kulia nikaanza kupanga picha kwenye reli. Niliingiza ya kushoto kwanza. Ile ya kulia ilikuwa bado kati ya vidole vyangu, nilikuwa naitafutia nafasi, na kabla sijaiweka Kaka akabandika macho kwenye lenzi. Akarudisha kichwa nyuma. Akacheka kidogo, vile vile watu walivyokuwa wakicheka studio.

"Haya," akasema. "Nimeuona mkono. Umetoka mpaka puani. Umeridhika?"

Niliitazama picha iliyokuwa mkononi mwangu.

"Kaka," nikasema, "nimeweka moja tu."

Wifi aliacha kukunja nguo. Kaka hakukishusha kitazamio mara moja. Alikishikilia mbele ya uso, kama mtu aliyejifunika, kisha akakiweka mezani polepole.

"Umeona nini?" nikauliza.

"Unajua jicho langu moja halioni."

"Najua."

"Basi mkono utatoka wapi?" Alisema kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyerusha lile jiwe. "Siku ya kwanza Baba ananipa hicho kitu, studio imejaa watu. Wote wameshatazama, wote wameruka. Ananiuliza, umeona? Watu wananitazama. Nikaruka. Ningesema nini, sioni, ili waanze tena, masikini mtoto na jicho lake? Baba alifurahi, akanibeba juu. Tangu siku hiyo kila akinipa naruka. Nimeruka mpaka nimeoa. Kwangu mimi ni picha. Imekaa pale. Haijawahi kutoka popote."

Nilitaka kumhurumia. Nasema kweli, niliitafuta huruma, na najua mtu mwingine angeipata. Mimi nilichokipata ni ile siku ya mkasi: Shangazi amenyoosha kadi, Kaka amegeuza shingo, anaitazama, ananitazama.

"Na Shangazi alipokuuliza?"

"Aliniuliza zinafanana. Kwangu zinafanana."

"Ulijua kuna kitu wengine wanaona wewe huoni. Ulijua. Na mimi nilikwambia."

"Ulisema chini chini, umeshika sinia. Tangu lini mtu akasikia unachosema wewe?"

"Mlisikia. Shangazi alinijibu. Wewe ulinitazama kabla hujasema." Sauti yangu ilikuwa inapanda na sikuishusha. "Ulikuwa radhi mama akatwe kuliko kusema mbele ya Shangazi, 'Mimi sijui, muulizeni Kimya.' Basi. Neno dogo hivyo. Ukaona bora mkasi."

Mtoto wa Wifi akaanza kulia. Hakuna aliyemshughulikia. Kaka alikaa kwenye kochi, akalikuna lile jicho lisiloona, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya mbele ya watu. Nilitoa nusu ya kushoto kwenye reli, nikaiweka juu ya ya kulia, nikazishika zote mbili kifuani. Kaka aliona. Hakunyoosha mkono.

"Na pale ukutani tuweke nini sasa?" Wifi akauliza kwa sauti ndogo.

"Weka saa," Kaka akasema.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, kwenye pipa la vibanio, aliponiita. Hakuwa mkali tena.

"Kimya. Wewe huwa unaona nini humo?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Baba alikuwa akiuliza, umeona? Nikijibu ndiyo, inatosha. Sikuwahi kulisema kwa mtu yeyote, hata kwake, kwa sababu nilijua litaonekana la kitoto, na baadaye kwa sababu nilikuwa nimeshakua. Niligeuka nikalisema.

"Wewe siku picha ile inapigwa ulikuwepo. Ulisimama nyuma ya Baba, umenisimulia mwenyewe, na chai ile aliinywa Baba. Wewe mama alikubeba, alikuogesha, alikuchapa. Mimi nikiweka macho hapo, anatoka mlangoni, ananitazama mimi, kikombe ananipa mimi. Nikiwa peke yangu nilikuwa nanyoosha mkono kukipokea. Hicho ndicho kitu pekee mama aliwahi kunipa. Na nyinyi mlikikata nikiwa nimewashikia chai, na nusu yake ukaitundika pembeni ya kalenda ya matairi."